Binti anakwenda Würzburg kwa wiki sita: tumwandae vipi tukiwa hapa Mwanza?

Mzazi wa Nyakato ameandika:

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu kwa jambo linaloninyima usingizi tangu wiki iliyopita. Binti yetu yuko mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Mwanza, anasomea mionzi ya tiba, na amekubaliwa kuhudhuria masomo ya wiki sita nchini Ujerumani, katika mji wa Würzburg, kuanzia mapema mwezi Julai wakati chuo chake kitakuwa kimefungwa. Wengi wenu mnafahamu kwamba Mwanza na Würzburg ni miji rafiki tangu mwaka 1966, kwa hiyo jina lenyewe si geni masikioni mwetu. Hata hivyo katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kufika huko, wala Ulaya kwa ujumla.

Ada ya masomo na malazi vimelipiwa na wenyeji wake. Nauli ya ndege, viza, bima na fedha za matumizi ni juu yetu, yaani mimi na mama yake, pamoja na baba yake mdogo aliyeko Geita ambaye ameahidi kuchangia. Pasipoti anayo tangu mwaka jana. Hajawahi kupanda ndege, na mahali pa mbali zaidi alipofika ni Dar es Salaam, tena akiwa na shangazi yake. Ni mtoto mtulivu, si msemaji, na akiugua hasemi neno mpaka mama yake amsome usoni. Hilo linanitia hofu kuliko mengine yote.

Nyumbani kumekwisha kuanza orodha ya vitu vya kununua, nayo inarefuka kila ndugu anapopita kusalimia: koti zito, blanketi, sanduku jipya, unga, dagaa. Naona tunalishughulikia sanduku zaidi ya msafiri mwenyewe. Naomba mliowahi kusafiri, au kusafirisha watoto, mnieleze tuanze na lipi, na katika miezi hii minne iliyobaki tumfundishe nini.

Baba wa Pasiansi amejibu:

Ndugu yangu, hongereni sana kwa binti. Anzeni na viza, na muanze wiki hii. Kwa kukaa kusikozidi siku 90 ataomba viza ya Schengen, yaani viza ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, ambayo kanuni zake zinaruhusu ombi kuwasilishwa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Msiwasikilize wanaosema kwamba siku 15 zinatosha; hizo ni siku za kawaida za kushughulikia ombi, na ubalozi ukiona haja ya kuchunguza zaidi unaweza kufika siku 45. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi hata ombi likikataliwa. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000, na pasipoti iendelee kuwa hai walau miezi mitatu baada ya tarehe ya kuondoka Ulaya.

Ubalozi wa Ujerumani uko Dar es Salaam, katika jengo la Umoja House, na kwa kuwa ni mara yake ya kwanza atatakiwa kutoa alama za vidole, hivyo hakuna wa kumwakilisha. Mimi ningewashauri safari hiyo msimsindikize. Apande basi Nyegezi mwenyewe, akitaka ashukie Dodoma na kumalizia kwa treni ya SGR, atafute mahali pa kulala mlipokubaliana, afike ubalozini kabla ya saa aliyopangiwa, ajibu maswali kwa kinywa chake. Akirudi salama mtakuwa mmekwisha kujua mengi kuhusu uwezo wake, na yeye pia.

Sasa nieleze kilichotukuta sisi. Miaka mitatu iliyopita kijana wangu aliomba viza ya masomo mafupi katika nchi moja ya Ulaya ambayo sitaitaja. Akaunti yake ilikuwa na shilingi 40,000 tu. Ndugu wakachanga, na ndani ya siku mbili tukaingiza shilingi milioni sita, tukaomba taarifa ya benki, tukaipeleka siku hiyo hiyo. Jibu lilikuja kwamba hawakuridhika na chanzo cha fedha wala na nia yake ya kurejea nyumbani. Fedha ile ilikuwa halali, kila shilingi yake ilitoka kwa ndugu anayejulikana, lakini karatasi ilionyesha mwanafunzi asiye na kitu ambaye ghafla amekuwa na mamilioni. Kijana alikaa siku nne bila kula chakula cha jioni nasi.

Kwa hiyo fedha zenu msizirundike kwenye akaunti ya binti. Wewe andika barua ya udhamini kwa jina lako, baba yake mdogo naye aandike yake, kila mmoja aambatanishe taarifa ya benki ya miezi kadhaa pamoja na barua ya mwajiri au leseni ya biashara, na muweke cheti cha kuzaliwa cha binti kinachoonyesha kuwa ni mtoto wako. Halafu chuo kimpe barua inayosema kwamba ni mwanafunzi wake, kwamba kimemruhusu, na kwamba anatakiwa kuripoti darasani tarehe fulani muhula utakapofunguliwa. Barua hiyo ya chuo sisi hatukuwa nayo, na mpaka leo naamini ingebadilisha jibu.

Muuguzi wa Sengerema amejibu:

Shikamoo baba. Nimesoma uliposema kwamba binti akiugua hasemi mpaka mama yake amsome usoni, na kwa kuwa nimefanya kazi ya uuguzi kandokando ya ziwa kwa miaka kumi na minne, naomba nianzie hapo hapo, kwa sababu huko aendako hakuna atakayemsoma uso.

La kwanza ni malaria. Mtu anaweza kuumwa na mbu hapa Mwanza usiku wa kuamkia safari, akaondoka akiwa mzima kabisa, na homa ikaanza akiwa tayari Ulaya, kwa kawaida kati ya siku saba na mwezi mmoja baadaye, na wakati mwingine hata zaidi. Hapa kwetu mtoto akipata homa na kuumwa kichwa, hata jirani atasema nenda ukapime. Kule daktari anaweza kufikiria mafua, akampa dawa ya maumivu na kumrudisha chumbani, na malaria kali haisubiri; siku mbili au tatu zinatosha kuhatarisha maisha. Mfundisheni sentensi moja ya Kiingereza na aikariri hata akiwa usingizini: kwamba ametoka Tanzania, eneo lenye malaria, na anaomba damu yake ipimwe malaria leo hii. Kwa bahati nzuri neno malaria ni lile lile kwa Kijerumani. Aende siku ile ile homa inapoanza, asisubiri kesho. Nambari ya dharura ni 112, haina malipo, na kwa ugonjwa usio wa dharura nje ya saa za kazi Ujerumani wanatumia 116117. Nambari hizo, pamoja na nambari ya bima yake na simu ya kampuni ya bima, ziandikwe kwenye karatasi na kuwekwa nyuma ya pasipoti, maana simu huisha chaji.

Asiende na dozi ya mseto kwa nia ya kujitibu mwenyewe chumbani. Najua tunavyozoea kufanya huku, lakini kule atakuwa peke yake, na homa inaweza kuwa kitu kingine.

La pili ni kichocho, na hili watu wa ziwa tunalipuuza mno. Kama binti amekuwa akiogelea, akifua au kuchota maji ziwani tangu utotoni, huenda anacho bila kujua, kwa sababu vimelea vinavyotoka kwa konokono wa majini hupenya ngozi nzima bila kidonda, na kichocho cha tumbo kinaweza kukaa miaka kikileta maumivu ya hapa na pale, kuharisha, au damu kwenye choo. Apimwe choo sasa. Akikutwa nacho atapewa prazikwanteli kwa kadiri ya uzito wake, na aimeze akiwa ameshiba. Dawa hiyo huua minyoo iliyokomaa lakini haiiwezi vizuri ile michanga iliyoingia majuma machache yaliyopita, hivyo kuanzia sasa asikanyage maji ya ziwa, na apimwe tena mwezi Juni. Nikisema asikanyage namaanisha hata kuosha miguu mwaloni.

Kuhusu kadi ya njano, Ujerumani haitamdai, lakini ndege nyingi hupitia Addis Ababa au Nairobi, na akirudi Tanzania baada ya kukaa zaidi ya saa 12 katika nchi yenye hatari ya homa ya manjano ataulizwa cheti. Chanjo ni moja kwa maisha yote tangu kanuni ilipobadilishwa mwaka 2016, na ichanjwe siku kumi au zaidi kabla ya safari ili cheti kiwe kimeanza kutambulika.

Mwisho, naomba mama yake afanye zoezi moja ambalo litamuumiza kidogo. Kwa miezi hii minne, binti akionekana mnyonge, mama asimuulize. Amwache aje aseme mwenyewe mahali panapouma, tangu lini, na kwa kiasi gani. Ni kazi ngumu kwa mama, lakini daktari wa Würzburg atahitaji maneno hayo.

Mkazi wa Malimbe amejibu:

Wazee wangu shikamooni. Nilikuwa mwanafunzi Ujerumani kwa miezi miwili na nusu, kiangazi cha huko, na nina machache ya kuongeza.

Koti zito liacheni. Julai ni joto, siku nyingine linapita nyuzi 30; jaketi jepesi na mwavuli vinatosha. Blanketi pia si la lazima. Kitu kitakachomshangaza ni jua: kwetu likizama karibu na saa moja jioni tunajua siku imekwisha, lakini kule mwezi huo linazama baada ya saa tatu usiku na kuchomoza kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Wiki ya kwanza sikulala vizuri hata siku moja. Kitambaa cha kufunika macho kitamsaidia kuliko blanketi.

Kuhusu saa kuna jambo zito kuliko linavyoonekana. Umeme wao ni volti 230 kama wetu, kinachotofautiana ni plagi tu, na muda wao wakati huo uko nyuma yetu kwa saa moja. Hayo ni mepesi. Mimi niliponzwa na hesabu ya saa kwa Kiswahili. Niliambiwa kwamba kipindi cha kwanza kitaanza saa yenye tarakimu 9, nikaandika hiyo 9 kwenye daftari, na nilipoisoma usiku nikiwa nimechoka na safari nikaielewa kuwa saa tisa, yaani alasiri. Nilifika wenzangu wakiwa wamekwisha kugawanywa katika vikundi vya maabara, na profesa akaniambia kwa upole kwamba vikundi havibadilishwi. Wiki zote zilizobaki nilifanya kazi na kundi ambalo mada yake haikuwa niliyoifuata. Binti aweke simu yake katika mfumo wa saa 24 tangu leo, na nyumbani mpangiane miadi kwa mfumo huo.

Nilifika Jumamosi usiku. Sikujua kwamba Jumapili maduka ya vyakula hufungwa karibu yote, na kwenye begi nilikuwa na dagaa tu. Mama yangu alikuwa amewanunua Mwaloni Kirumba, akawachambua mmoja mmoja, akawakaanga na chumvi na ndimu, akawafunga kwenye chupa ya plastiki yenye mfuniko mpana. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda nikala na maji ya bomba, ambayo kule ni salama kunywa, na Jumapili ile ikapita. Dagaa wanaruhusiwa: sheria za Umoja wa Ulaya humruhusu msafiri kuingia na samaki hadi kilo 20 kwa matumizi yake. Nyama na maziwa ndiyo marufuku kabisa, hata kama ni kipande cha nyama kavu. Ndizi na nanasi hazina shida, lakini embe linahitaji cheti cha afya ya mimea, kwa hiyo asibebe.

Ndege ikitua Frankfurt, treni ya kasi hadi Würzburg ni takriban saa moja na nusu. Akate tiketi kabla ya kupanda. Anayekutwa bila tiketi hutozwa euro 60 au zaidi, na kusema mimi ni mgeni hakusaidii. Kadi ya benki ithibitishwe hapa Mwanza kwamba imefunguliwa kutumika nje, na awe na euro kidogo mkononi, maana maduka madogo hupenda fedha taslimu.

Tena mwambieni kwamba mji anaokwenda ndiko mwanafizikia Röntgen alikogundua eksirei mwaka 1895. Kwa anayesomea mionzi, nadhani hilo litampa moyo.

Mzazi wa Nyakato ameandika tena:

Nawashukuru nyote, na wewe Muuguzi wa Sengerema marahaba, mwanangu. Jana baada ya chakula cha jioni tulikaa sebuleni, mimi, mama yake na binti, nikasoma majibu yenu yote kwa sauti. Habari ya barua za udhamini tumeielewa, na nimekwisha kumpigia mdogo wangu Geita ili aanze kutafuta taarifa yake ya benki. Binti mwenyewe amesema atakwenda Dar peke yake, na kwamba hataki kupumzika Dodoma.

Nilipofika kwenye kichocho, akainamisha kichwa. Mama yake alitaka kumuuliza, nikamgusa mkono anyamaze. Tulikaa hivyo kwa muda mrefu, mpaka binti akasema kwamba tangu mwezi wa kumi na mbili ameona damu kwenye choo mara tatu, na tumbo humuuma upande wa kushoto hasa asubuhi, na hakutaka kutusumbua wakati tukitafuta ada ya mdogo wake.

Jumatatu saa 2:30 asubuhi anakwenda hospitali kupima. Muuguzi, naomba unielekeze: je, apeleke choo cha siku moja tu, au akusanye cha siku kadhaa?

Muuguzi wa Sengerema amejibu:

Baba, apeleke cha Jumatatu, na awaambie mapema kwamba yuko tayari kurudi na kingine Jumanne na Jumatano, kwa sababu mayai hayaonekani kila siku na kipimo kimoja kinaweza kuyakosa. Hiyo damu aitaje mwenyewe kwa mhudumu, kama alivyowaambia ninyi jana.