Tao kuu la kizimba cha usalama limebonyea kwenye kona: niendelee au nianze upya?

MkunjaBomba

Habari zenu wakuu. Nina gari dogo la milango miwili ambalo nimelivua kila kitu ndani, kuanzia viti hadi zulia na lami ya kuzuia kelele, kwa nia ya kuligeuza kuwa gari la mbio za rali. Kizimba cha usalama, yaani fremu ya mabomba ndani ya gari, au rolikeji kama mafundi wengi wanavyokiita, nimeamua kukitengeneza mwenyewe, kwa kuwa nimechomelea mageti na matela kwa miaka kadhaa na ninayo mashine ya MIG, ile ya kuchomelea inayojilisha waya yenyewe.

Nilinunua mabomba matano ya maji ya inchi moja na nusu, yaliyopakwa zinki, kila moja likiwa na urefu wa mita 6. Nilipoyapima nilipata kipenyo cha nje cha milimita 48.3 na unene wa ukuta wa milimita 3.2. Nilifurahi, kwa sababu nilikuwa nimesoma kwamba kanuni zinataka ukuta wa milimita 2.5, nikajiambia kuwa langu limezidi. Tao kuu, lile linalosimama nyuma ya viti vya mbele, nimelipinda kwa mashine ya haidroli ya mafundi bomba. Tatizo ni kwamba kona mbili za juu zimebonyea upande wa ndani: nikipima kwa kalipa, upana mmoja ni milimita 51 na mwingine ni 43.

Naomba ushauri katika mambo matatu. Kwanza, je, nikiongeza vipande vya kuimarisha kwenye kona hizo ninaweza kuendelea? Pili, miguu ya kizimba niifunge wapi kwenye sakafu? Tatu, mtu huchomelea vipi upande wa juu wa kiungo kilichogusana na paa, mahali ambapo hata mkono haupiti?

Fundi Tochi

Ndugu, jibu la swali la kwanza ni hapana, na kosa lilianza dukani kabla ya mashine ya kupindia.

Bomba la maji limetengenezwa lihimili shinikizo la maji kutoka ndani. Kazi ya kizimba ni kubeba uzito wa gari linalopigwa chini mara tatu nne, kila mara kwa pembe tofauti. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mchezo wa magari, katika Kiambatisho J, Ibara ya 253, zinataka chuma cha kaboni kisicho na mshono, kilichovutwa kikiwa baridi, chenye kaboni isiyozidi asilimia 0.3 na nguvu ya kuvutika isiyopungua 350 N/mm². Bomba la maji kwa kawaida lina mshono uliochomelewa kiwandani kwa urefu wote, na chuma chake kinaruhusiwa kuwa na nguvu ya 320 tu. Unene uliokufurahisha haukuhakikishii ubora wa chuma. Unachokuhakikishia ni uzito.

Kwenye uzito, hesabu mwenyewe. Bomba lako lina kilo 3.56 kwa mita, kwa hiyo mita 30 ulizonunua ni karibu kilo 107. Ukitumia bomba la milimita 45 kwa 2.5 (kipenyo kwa unene wa ukuta) kwenye tao kuu, ambalo lina kilo 2.62 kwa mita, na la 38 kwa 2.5 kwingineko, ambalo lina kilo 2.19, kizimba cha urefu huohuo kitakuwa na takriban kilo 67 au 68. Ungebeba kilo 40 za ziada, nyingine zikiwa juu kabisa chini ya paa, ambako zinalifanya gari lipinduke kwa urahisi zaidi.

Zinki nayo ni balaa jingine. Ukiichoma inatoa moshi mweupe unaoleta homa na kutetemeka usiku huohuo, na weldi yenyewe hujaa vitundu.

Mkaguzi Mstaafu

Ninaunga mkono maelezo ya Fundi Tochi, nami ninaongeza upande wa ukaguzi, kwa kuwa nilikagua magari ya mbio kwa muda mrefu.

Kanuni hiyohiyo inasema kwamba bomba likipindwa na kupoteza duara lake, kipimo kidogo kikigawanywa kwa kikubwa kisipungue 0.9. Chako ni 43 kugawanya kwa 51, yaani 0.84. Hakuna kipande cha kuimarisha kinachofuta tarakimu hiyo, na mkaguzi mwenye kalipa ataiona kabla hajaingiza kichwa ndani ya gari. Vilevile nusu kipenyo cha kona, kikipimwa kwenye mstari wa katikati ya bomba, kisipungue mara tatu ya kipenyo cha bomba. Kwa bomba la milimita 45 hiyo ni milimita 135. Mashine ya mafundi bomba husukuma bomba katikati huku ncha zikishikiliwa na roli mbili, ndiyo maana ukuta wa ndani hukosa pa kwenda na kubonyea. Unachohitaji ni mashine inayolizungusha bomba kwenye kalibu yenye mfereji wa kipenyo chilechile cha bomba lako. Kama huna, peleka vipimo kwa mwenye nayo akupindie baridi, bila kupasha moto.

Kuhusu miguu: sakafu ya gari ni bati lenye unene wa milimita moja au pungufu, na bomba likisimama juu yake peke yake litaitoboa kama mwiko unavyotoboa ugali. Chini ya kila mguu wa tao kuu na wa matao ya pembeni (yale yanayopita kando ya milango ya mbele) weka pleti ya kuimarisha yenye unene wa angalau milimita 3 na eneo la angalau sentimita 120 za mraba, iliyochomelewa kwenye bodi. Ukifunga kwa bolti, kila mguu uwe na bolti tatu au zaidi za M8 (kipenyo cha milimita 8) za daraja la nguvu la 8.8. Miguu ya mabomba ya nyuma inakubaliwa kwa bolti mbili na pleti ya sentimita 60 za mraba. Pleti usiilaze sakafuni tu. Ikunje ipande kwenye ukuta wa kizingiti cha mlango, kwa sababu hapo ndipo bodi ina nguvu.

Mabomba ya nyuma yanayoshikilia tao kuu lazima yanyooke kabisa na yaegemee kwa nyuzi 30 au zaidi kutoka wima. Wengi huyapinda kidogo ili yapite mahali fulani. Hilo halikubaliki hata kama limepakwa rangi nzuri.

Msoma Ramani

Mimi si fundi, lakini nimekaa kiti cha kushoto cha gari lililobiringika, na ninaomba niseme neno moja tu kuhusu miguu hiyo.

Paa letu lilishikilia vizuri na kioo cha mbele kilipasuka bila kudondoka. Kilichotushtua ni kwamba, tulipotoka, mguu wa mbele upande wangu ulikuwa umezama sakafuni kwa urefu wa kidole cha shahada, kwa sababu pleti iliyowekwa ilikuwa ndogo kama kiganja cha mtoto. Bomba la juu lilishuka kwa kiasi hichohicho, na helmeti yangu ina alama yake mpaka leo. Ninakusihi ufunge viti kwanza, ukae ndani ukiwa umevaa helmeti na kufunga mikanda, ndipo upime mahali pa kupitisha bomba lolote lililo karibu na kichwa. Mabomba hayo yavalishwe povu gumu la kiwango cha FIA 8857-2001. Sponji la godoro halisaidii chochote. Na gari likishakuwa na kizimba, usiliendeshe barabarani bila helmeti, kwani kichwa kitupu na bomba la chuma havipatani hata kwa ajali ndogo ya mtaani.

MkunjaBomba

Ninawashukuru sana, ingawa nimeumia moyoni. Mabomba ya maji nitayatumia kwenye banda la kuku. Nina maswali mawili kabla sijanunua mengine. Rafiki yangu ananishauri nichukue chuma cha kromoli (kilichochanganywa kromiamu na molibdeni) ili nipunguze uzito, na mwingine anasema nichukue la 50 kwa 2.0 kwenye tao kuu. Pia swali langu la paa bado halijajibiwa.

Fundi Tochi

La 50 kwa 2.0 linaruhusiwa kwenye tao kuu, na la 40 kwa 2.0 kwenye sehemu nyingine. Kwa kizimba chako uzito utashuka hadi karibu kilo 58. Hata hivyo ukuta mwembamba hubonyea upesi zaidi kwenye kona na hutobolewa upesi zaidi na MIG. Kwa kizimba cha kwanza ningechukua 45 na 38 zenye ukuta wa 2.5. Kromoli iache kwa sasa: inadai joto lidhibitiwe kwa makini na mara nyingi huchomelewa kwa TIG, ambako fundi hulisha waya kwa mkono. Ukiikosea, chuma kilicho kando ya weldi hugeuka kigumu na kukatika bila kupinda.

Sasa paa. Usichomelee chochote moja kwa moja kabla kizimba chote hakijashikizwa kwa nukta ndogo za weldi, huku milango ikiwa mahali pake na ikifunguka na kufungwa vizuri, kwa sababu joto huvuta bodi na unaweza kumaliza kazi ukakuta mlango haufungi. Anza na tao kuu, kisha matao ya pembeni yanayofuata nguzo za kioo cha mbele, kisha bomba la mlalo juu ya kioo. Hapa ndipo penye ujanja: miguu yote iinue juu ya visanduku vya chuma badala ya kuifikisha sakafuni. Ukishashikiza kila kiungo, viondoe visanduku, kizimba kishuke kwa kimo chake, na tochi itapata nafasi ya kuzunguka juu ya viungo vyote vya paa. Ukimaliza kiinue tena, rudisha visanduku, kisha uvichomelee kwenye pleti. Mabomba ya nyuma nayo yaachie nafasi kwenye pleti zao, la sivyo yatazuia kizimba kushuka. Wapo wanaong'oa bati la paa lote. Inafanya kazi, ila kulirudisha bila mawimbi ni kazi ya mtu mwingine.

Ncha za mabomba zikate kwa umbo la mdomo wa samaki hadi zikae bila mwanga kupita. Pengo kubwa lililojazwa waya ni uongo uliopakwa rangi. Na kabla ya cheche ya kwanza, toa tangi la mafuta, betri na kompyuta ya injini, na ufunike vioo, maana cheche za grenda huviachia vitundu vidogo vidogo visivyofutika.

Mkaguzi Mstaafu

Usiisage weldi kwa grenda ili ipendeze. Weldi iliyosagwa haimwonyeshi mkaguzi kama imepenya, na mimi niliyakataa magari kadhaa kwa sababu hiyo tu. Iwe imezunguka bomba lote, ikiwemo upande wa paa. Bomba la mshazari ndani ya tao kuu linyooke, na ncha yake ya chini isikae mbali na mguu kwa zaidi ya milimita 100. Kwenye milango weka X, bomba moja likiwa zima na jingine limekatwa vipande viwili, kisha pale yanapokutana ongeza vipande vya bati vya kuimarisha. Ncha ya juu ya X isipande kupita nusu ya kimo cha uwazi wa mlango, mkumbuke kwamba mnatakiwa kutoka haraka.

MkunjaBomba

Nimeagiza bomba lisilo na mshono la 45 na 38, na nimeomba cheti cha kiwanda kinachoonyesha nguvu ya chuma. Je, uzoefu wangu wa mageti unatosha kwa uchomeleaji wenyewe?

Fundi Tochi

Geti halikuambii. Chukua mabaki ya bomba hilohilo, kata viungo sita vya umbo la T, vichomelee ukiwa umelala chali na mkono ukiwa umejikunja kama utakavyokuwa ndani ya gari, kisha vipasue katikati kwa msumeno na utazame. Ukiona mstari wa ukingo wa bomba bado unaonekana chini ya weldi, ongeza umeme au punguza mwendo wa mkono, ukate vingine sita. Tuwekee picha za viungo vilivyopasuliwa hapahapa, kabla hujagusa gari.