Cleveland Spiders, 1899: je, mechi 134 zilipotea uwanjani au ofisini?

Mdau wa Takwimu
Ndugu wanajukwaa, White Sox wa Chicago, timu ya besiboli ya Marekani, walipopoteza mechi 121 mwaka 2024, wachambuzi walisema hiyo ni rekodi ya zama za kisasa, yaani tangu mwanzoni mwa karne ya 20, kisha wakawataja kwa haraka Cleveland Spiders, waliopoteza mechi 134 na kushinda 20 tu mwaka 1899. Kinachonitatiza ni kwamba Spiders haohao walishinda mechi 81 mwaka uliotangulia, wakiwa na Cy Young, mrushaji (mchezaji anayemrushia mpira mpigaji wa timu pinzani) ambaye tuzo ya warushaji bora inaitwa kwa jina lake hadi leo. Timu ya namna hiyo iliporomokaje kwa muda mfupi hivyo?

Mzee wa Kumbukumbu
Ndugu Mdau, timu haikuporomoka, ilihamishwa. Wamiliki wa Spiders walikuwa ndugu wawili, Frank na Stanley Robison. Mwanzoni mwa 1899 waliipata pia timu ya St. Louis, iliyokuwa imeshika mkia mwaka 1898 kwa kupoteza mechi 111, na kwa kuwa ligi yao, National League, haikumzuia mtu kumiliki timu mbili, waliwachukua Cy Young, Jesse Burkett, Bobby Wallace na wengineo waliokuwa tegemeo la Cleveland wakawapeleka St. Louis, ambako waliamini watazamaji wangekuwa wengi zaidi. Waliosalia St. Louis ndio waliotumwa Cleveland kuziba mapengo. Ratiba nayo ikawakutanisha siku ya ufunguzi, na Spiders wakafungwa 10 kwa 1 na wenzao wa jana.

Hata meneja wao, Lave Cross, hakuachwa. Alikuwa pia mchezaji mzuri wa besi ya tatu, mojawapo ya nafasi za ulinzi uwanjani, na baada ya mechi 38 alirudishwa St. Louis, timu ikabaki mikononi mwa Joe Quinn. Jim Hughey, aliyebebeshwa mzigo wa kurusha mpira, alimaliza msimu akiwa amehesabiwa ushindi mara 4 na kupoteza mara 30, kwani katika besiboli matokeo ya mechi huandikwa pia kwa jina la mrushaji. Simlaumu hata kidogo.

Msomaji wa Bara
Naongezea suala la viwanja, kwa sababu hapo ndipo dhuluma ilipozidi. Katika msimu mzima, mechi za nyumbani zilikuwa 42 tu, na jumla ya watazamaji wake wote ilikuwa 6,088, yaani wastani wa watu wapatao 145 kwa mechi. Timu ngeni ililipwa sehemu ya viingilio, na huko Cleveland sehemu hiyo haikutosha hata kulipia nauli na hoteli, hivyo timu nyingine zikakataa kwenda huko. Spiders wakalazimika kucheza mechi 112 ugenini, wakapoteza 101. Kati ya mechi 41 za mwisho walishinda moja. Katika mechi ya kufunga msimu, huko Cincinnati, aliyepewa mpira arushe ni Eddie Kolb, kijana aliyekuwa akiuza sigara hotelini. Walifungwa 19 kwa 3.

Mwanasheria Mstaafu
Nakubaliana nanyi kuhusu takwimu, lakini haifai kusahau kwamba akina Robison walikuwa na kinyongo cha muda mrefu na mji wenyewe. Jumapili ndiyo siku ambayo wafanyakazi wa viwandani wangeweza kwenda uwanjani, na Cleveland ilikataza besiboli ya Jumapili kiasi kwamba Mei 1897 polisi waliwakamata wachezaji waliothubutu kucheza. Hilo linaeleza kwa nini walitaka kuondoka. Halihalalishi kuacha timu ikiwa mifupa mitupu huku ikiendelea kuuza tiketi.

Mdau wa Takwimu
Nawashukuru sana, wazee wangu. Je, St. Louis walinufaika?

Mzee wa Kumbukumbu
Si kwa kiwango walichokitarajia. Walimaliza wa tano. Bingwa alikuwa Brooklyn, ambayo nayo ilikuwa na wamiliki wamoja na Baltimore na ilikuwa imechukua wachezaji wake bora kwa njia hiyohiyo. Baada ya msimu, ligi ilipunguza timu kutoka 12 hadi 8, ikiziondoa Cleveland, Baltimore, Louisville na Washington. Pengo hilo ndilo lililoipa nafasi ligi pinzani, American League, iliyojitangaza kuwa ligi kuu mwaka 1901 ikiwa na timu mpya Cleveland.