Naomba ushauri: nihamie mipango ya mazingira ya misitu ya umma au nibaki porini?

Miguuporini

Wakuu, habari za kazi. Nina miaka saba kwenye msitu wa umma na kazi yangu yote ni ya porini: kupima miti, kukagua mipaka, kuhesabu visiki baada ya uvunaji. Sasa idara imenipa nafasi ya mtaalamu wa mipango ya mazingira. Nimeambiwa nijibu ndani ya wiki mbili.

Kinachoninyima usingizi ni faili la kwanza, ambalo nimepewa nilisome kabla sijajibu. Ni barabara ya magogo ya kilomita 4, inaingia kwenye kitalu kinachotarajiwa kuvunwa. Rasimu ya tathmini ya athari kwa mazingira iliandikwa na mtu ambaye ameshaondoka. Ramani yake inaonyesha barabara ikivuka vijito viwili. Eneo lile nalijua kwa miguu, vijito ni vitatu. Cha tatu hukauka kiangazi, na upimaji ulifanyika kiangazi.

Jumamosi nilienda mwenyewe kuhakikisha. Chini hakuna tone la maji, ni changarawe tupu. Lakini kwenye mashina ya miti ya ukingoni kuna mstari wa majani makavu na vijiti vilivyonasa kwenye magome, usawa wa kiuno changu. Hakuna mtu aliyeviweka pale, ni mafuriko.

Nilipomweleza msimamizi akasema tarehe ya kuanza ujenzi imeshatangazwa, niongeze sentensi kwamba "hatua stahiki zitachukuliwa" kisha faili liende mbele.

Naomba walio ndani ya kazi hii waniambie ukweli. Ni kazi ya kupamba uamuzi uliokwisha kufanywa, au mtu anaweza kubadilisha kitu? Na mimi ambaye kuandika si fani yangu, nitaiweza?

Kisiki

Kaa porini mkuu. Nafasi hiyo unapewa ili jina lako liwe chini ya waraka siku daraja litakaposombwa. Ukishasaini, wa kuulizwa ni wewe.

Mama Mche

Mwanangu Miguuporini, nimeifanya kazi hiyo hadi nilipostaafu, kwa hiyo niruhusu niseme kwa urefu.

Neno kubwa kwenye kazi hii ni "kabla". Marekani walipopitisha sheria yao ya sera ya mazingira ya 1969, ile iliyotiwa saini tarehe 1 Januari 1970, jambo jipya halikuwa kukataza miradi. Jipya lilikuwa kuilazimisha serikali iandike, kabla haijaamua, kwamba tukifanya hivi kitatokea hiki, na njia nyingine ni hizi. Nchi nyingi zikafuata, na mwaka 1992 kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa pale Rio de Janeiro, kanuni ya 17 ya azimio la mkutano huo ikaitaja tathmini hiyo kuwa chombo cha kila taifa. Kwa hiyo msimamizi wako anapotangaza tarehe kwanza na kutaka waraka baadaye, amegeuza mambo kichwa chini. Hilo hutokea kila mahali, na limenikuta mara nyingi.

Sasa, Kisiki anasema kweli kwamba jina lako litaonekana. Lakini anachanganya vitu viwili. Mtaalamu wa mipango haamui. Anayeamua ni mkuu mwenye mamlaka, na ana haki ya kuchagua hata njia usiyoipenda wewe. Kazi yako ni kuhakikisha hataweza kusema hakujua. Ndiyo maana usisusie faili. Ukisusa, atapewa mtu asiyekijua kijito cha tatu, na ramani ya vijito viwili ndiyo itakayokwenda kujengwa.

Unalopaswa kukataa ni moja tu: kuipitisha ramani unayojua ina kosa. Hapo hakuna nusu.

Na hiyo sentensi ya "hatua stahiki zitachukuliwa", ifute popote utakapoikuta. Haina mtendaji, haina mahali, haina wakati. Msimamizi wa ujenzi akiisoma saa mbili asubuhi na mashine zinanguruma, itamwambia afanye nini? Andika kama hivi: mkandarasi hatachimba ndani ya mita fulani za ukingo, kazi ya kivuko itaisha kabla ya mvua, afisa fulani, kwa cheo chake, atakagua baada ya mvua kubwa ya kwanza na kuandika alichokiona. Kama hatua haiwezi kukaguliwa, usiiandike.

Jambo la pili, angalia sehemu ya njia mbadala. Kanuni za Marekani za 1978 ziliiita moyo wa waraka mzima, na kwa maoni yangu hakuna maneno bora zaidi ya hayo. Rasimu yako ina njia ngapi? Kama kuna "tujenge" na "tusijenge" tu, mwandishi hakufikiri. Je, barabara ingepanda kwenye mgongo wa kilima? Je, kitalu kingevunwa bila barabara mpya?

Tope na Maji

Mimi ni mtu wa maji, nitaongelea kijito hicho tu.

Usimpelekee msimamizi hadithi, mpelekee vipimo. Rudi pale na utepe, chukua upana wa mkondo sehemu tano tofauti, juu na chini ya mahali barabara itakapopita. Pima kimo cha ule mstari wa majani kutoka sakafu ya mkondo. Piga picha mtu akiwa ameshika rula karibu na shina, uandike tarehe na vipimo vya GPS vya mahali hapo. Ule mstari ni ushahidi wenye nguvu, lakini mvua moja kubwa au moto unaweza kuuondoa, kwa hiyo usichelewe.

Kwa nini mkondo mkavu una uzito hivi? Kwenye shughuli za misitu, barabara ndiyo mara nyingi chanzo kikubwa cha tope linaloingia mitoni, kuliko hata ukataji wenyewe. Uso wa barabara umeshindiliwa, maji hayazami. Yanakusanyika kwenye mtaro wa pembeni, yanabeba udongo mwembamba, na mtaro wenyewe unayapeleka moja kwa moja kwenye kijito. Kijito kisicho kwenye ramani hakina kalavati, yaani bomba la kupitisha maji chini ya barabara, kwenye bajeti. Watakifukia kwa tuta.

Wakiweka kalavati ndogo nayo haitoshi. Matawi na mawe huziba mdomo wake, maji yanapanda, na kama barabara inateremka kutoka hapo, yanaifuata barabara yenyewe badala ya kurudi kwenye mkondo wake. Yanakwenda kutokea mbali, kwenye mteremko ambao haujawahi kupitisha maji, na hapo yanachimba korongo. Nimetembea kwenye makorongo ya namna hiyo, mtu mzima anaingia na haonekani. Dawa yake ni rahisi: mbele kidogo ya kivuko, upande wa mteremko, barabara inachongwa ibonyee, ili maji yakizidi yavuke hapohapo na kurudi mkondoni. Na mitaro ya pembeni imwage maji kwenye majani ya msituni kabla haijafika kijitoni, majani yachuje tope.

Kisiki

Tope na Maji, hayo yote mazuri, lakini nani atamsikiliza? Nimeona ripoti zenye vipimo zikiachwa kabatini.

Mama Mche

Zinaachwa, ni kweli, na inauma. Lakini kuna tofauti kati ya ripoti iliyoachwa na ripoti ambayo haikuandikwa. Nilikuwa na jalada moja la bwawa dogo ndani ya msitu. Mapendekezo yangu yalipuuzwa. Miaka tisa baadaye tope lilipojaa, aliyekuja kurekebisha alikuta vipimo vyangu, picha na tarehe, na hakuanza upya. Kwa hiyo kila kitu kiingie kwenye jalada: barua, kumbukumbu za vikao, na hata lile agizo ulilopewa kwa mdomo. Mwandikie msimamizi kwa heshima, "kufuatana na mazungumzo yetu ya leo", ueleze ulichokiona na unachopendekeza. Mara nyingi barua hiyo peke yake hubadilisha mazungumzo.

Dada Mbegu

Kaka, naongeza upande wa watu, naona hakuna aliyeugusa.

Kwa takwimu za 2020 za FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, karibu asilimia 73 ya misitu yote duniani ni mali ya umma. Maana yake msitu ule una wenyewe, na wenyewe hawakai ofisini. Mimi kazi yangu ni kusoma maoni yanayotumwa rasimu inapotangazwa. Watu hudhani tunahesabu wanaopinga na wanaounga mkono. Hapana, si kura. Barua mia zinazosema "hatutaki" zinaniambia kuna hofu, na hofu nayo nitaiandika. Lakini barua moja ya mrina asali inayosema "pale penye jiwe kubwa maji hupita kila masika" inanilazimisha nirudi porini. Kila hoja ya namna hiyo lazima ijibiwe: tumebadilisha nini, au kwa nini hatukubadilisha.

Waulize wanaopita pale kila siku. Inawezekana kijito chako kina hata jina.

Kuhusu kuandika usiogope. Soma tena ulivyoeleza ule mstari wa majani hapo juu. Niliuona. Ripoti nyingi zinazonipitia zina kurasa mia mbili na sioni kitu. Kitakachokuchosha ni vikao. Mtu wa wanyama atataka kazi isubiri ndege wamalize kutaga, mtu wa udongo atataka ifanyike wakati huohuo kwa sababu ardhi ni kavu, mhandisi anataka bei ishuke. Wewe ndiye utakayewakalisha meza moja hadi waelewane, au uandike waziwazi wapi hawakuelewana.

Miguuporini

Shikamoo Mama Mche, na shukrani kwenu nyote. Narudisha mrejesho.

Nilirudi na utepe. Upana wa mkondo ni kati ya mita 2.1 na 3.4. Mstari wa majani uko sentimita 90 juu ya sakafu. Nikaandika barua kama mama alivyonielekeza, nikaambatisha picha. Msimamizi alikaa kimya siku mbili, siku ya tatu akaniita na mhandisi akiwepo. Mhandisi akaomba twende wote. Alipoweka mkono kwenye ule mstari hakusema neno, akatoa ramani yake na kuchora kijito cha tatu kwa kalamu.

Sasa kuna njia mbadala mezani: barabara ipande mgongoni, iongezeke kama mita 600, lakini ivuke vijito viwili tu. Haijaamuliwa. Tarehe iliyotangazwa imesogezwa.

Nimekubali nafasi, naanza Jumatatu. Kisiki, usiponiona humu usidhani nimemezwa na ofisi, nimemwomba mkuu aniachie siku mbili za porini kila wiki na amekubali.

Tope na Maji, swali moja: kwenye ile njia ya mgongoni kuna mahali pana unyevu, udongo mweusi, matete kidogo, lakini hapana mkondo. Nako nipime?

Tope na Maji

Pima, na uwahi kabla hapajakauka. Pitisha kijiti kirefu ardhini kila hatua tano uone kinazama kiasi gani, na uzungushie mpaka wa matete kwa GPS. Panaweza kuwa chemchemi, na kama ndivyo, barabara ipite upande wa juu wa mteremko, isiikanyage.