Beringi ya mashine ya kusaga inalia, naomba ushauri

Wadau, habari zenu. Nina mashine ya kusaga mahindi hapa Ahero, Kisumu, ya mota ya umeme. Tangu wiki jana beringi ya upande wa puli inatoa mlio mwembamba. Nikitia grisi inanyamaza siku mbili, halafu inarudi. Fundi wangu hugusisha bisibisi kwenye kava, mpini sikioni (mzee ana masikio!), anasema bado nzima. Lakini mlio wa msuguano wa mapema huwa juu ya mitetemo 20,000 kwa sekunde, sikio halifiki huko. Kuna aliyetumia kifaa cha kunasa sauti hizo kwenye mashine ndogo? Kurekodi kwa simu kunasaidia chochote? Au nibadilishe beringi tu kabla msimu wa mavuno?