Ushauri: mazungumzo ya kweli katika somo la falsafa na dini mtandaoni

Mhadhiri wa Masafa (muuliza swali)

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Ninafundisha utangulizi wa falsafa na taaluma ya dini kwa wanafunzi wa masafa, wengi wao wakiwa walimu wa sekondari ambao huingia kwenye Moodle, mfumo wetu wa masomo mtandaoni, usiku baada ya shughuli zao. Kila wiki ninaweka mada katika ukurasa wa majadiliano, kwa mfano tatizo la uovu (kwa nini uovu upo ikiwa Mungu ni mwema na mweza wa yote) na majibu yake, na kwa kuwa ushiriki una alama, kila mmoja huandika. Hata hivyo, kinachoandikwa si mazungumzo: mtu anaweka aya tatu zilizonyooka, mwenzake anaandika chini yake kwamba anakubaliana naye kabisa, na mjadala unaishia hapo. Mada ikigusa imani zao wenyewe, wengi hunyamaza, na wawili watatu huanza kurushiana aya za Biblia na Kurani kama ilivyo desturi ya mihadhara ya viwanjani. Mikutano ya Zoom ingesaidia, lakini bando ni ghali na si wote wanaopata muda uleule. Je, inawezekana kufundisha kwa majadiliano bila kukutana?

Mwalimu wa Pwani

Mhadhiri, naanza na swali lenyewe. Ukiuliza jambo ambalo jibu lake limo kwenye kitini, utaletewa kitini. Waulize hivi: mwanafunzi wako wa kidato cha tatu aliyefiwa na mama yake anataka kujua kama Mungu alishindwa kumponya au hakutaka; utamjibu nini, na jibu lako litamwachia swali gani jipya? Hapo hakuna pa kunakili.

Kisha tumia aina ya mjadala wa Moodle inayomzuia mwanafunzi kuona michango ya wenzake mpaka awe ametoa wake. Kwa mpangilio wa kawaida michango hiyo huonyeshwa baada ya muda wa kuhariri wa dakika 30 kupita, kwa hiyo hawezi kuchungulia na kurekebisha lake haraka haraka. Wagawe pia katika vikundi vidogo, watu watano au sita. Mhadhara wa kiwanjani unahitaji umati wa kushangilia. Ukiuondoa umati, anayetaka kushinda hana wa kumshindia. Alama nazo usizitoe kwa idadi ya michango. Mpe alama anayeieleza hoja ya mwenzake kwa usahihi hadi mwenye hoja akakiri kwamba ndiyo aliyoikusudia, na baada ya hapo tu ndipo aipinge. Kwa Mwislamu anayeeleza Utatu au Mkristo anayeeleza Tauhidi (fundisho la Kiislamu la umoja wa Mungu), kazi hiyo ni nzito kuliko insha yoyote.

Mtafiti wa Nyanza

Nakubaliana na vikundi, ila swali la mfiwa nina wasiwasi nalo, kwani huwezi kujua nani kati ya wanafunzi wako amezika wiki iliyopita. Napendekeza njia tuliyo nayo karibu. Profesa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyeanza miaka ya 1970 kuwahoji wazee wenye hekima na kuchapisha mahojiano hayo mwaka 1990, alimtofautisha mzee anayeijua vyema mila ya watu wake na yule anayeipima mila hiyo kwa hoja zake mwenyewe. Tofauti hiyo haiwezi kuonekana katika jibu la kwanza. Hujitokeza mhoji anaporudi na swali la pili na la tatu. Paul Mbuya Akoko, mzee wa Kijaluo aliyekuwa mmoja wa waliohojiwa, hakuishia kusema watu wake waliamini nini kuhusu Mungu, bali alitoa sababu zake mwenyewe za kushikilia kwamba Mungu ni mmoja.

Basi kila mwanafunzi amhoji kwa simu shehe, padri au mzee wa kwao, kwa ridhaa yake na bila kumtaja jina, kisha aandike sehemu ya mahojiano. Kikundi kimtungie swali la kufuatia, naye arudi kwa mzee kuuliza. Kurudi huko ndiko kunakofundisha, na maandishi hayali bando.

Msomaji wa Plato

Katika Phaedrus, kitabu cha Plato cha mazungumzo, mwanafalsafa Socrates analalamika kwamba maandishi ukiyauliza hurudia lilelile daima, na hayawezi kujitetea bila mwandishi wake. Mtandaoni mwandishi yupo, mradi arudi. Kwa hiyo weka masharti ya kurudi: mjadala uchukue wiki mbili, na katika wiki ya pili kila mmoja aseme ni hoja gani imemlazimisha kubadili au kuimarisha msimamo wake. Nawe, Mhadhiri, jizuie. Mwalimu akitoa jibu siku ya pili, kikundi kizima hukaa kimya, maana wameshaambiwa ukweli uko wapi. Uliza tu, na usiulize kila mtu.

Mhadhiri wa Masafa

Nawashukuru sana. Nitaanza na mahojiano ya wazee katika mada ya dhana ya Mungu, kwa vikundi vya watu sita vilivyochanganya dini. Swali la mfiwa nitalibadilisha liwe la mafuriko yaliyokumba kijiji cha mbali. Bado sijaona njia ya kumpa alama kwa haki mwanafunzi ambaye mzee wake amekataa kuulizwa mara ya pili. Aliyewahi kukutana na hilo anisaidie.

Mtafiti wa Nyanza

Ayaandike maswali ambayo angemuuliza, na aeleze kwa hoja kwa nini mzee alikuwa na haki ya kukataa. Hayo yapewe alama zilezile.