Wanafunzi wa michezo wapimwe moyo kwa lazima?

Kocha Kakamega: Wazazi wamegawanyika hapa shuleni. Nimependekeza kila mtoto wa timu, msichana kwa mvulana, apimwe ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, kabla ya msimu. Italia ni sheria tangu 1982. Mnaonaje?

Jamaa wa Kondele: Vijana sawa, wapimwe. Si mnakumbuka Foé, yule mwanasoka wa Kameruni, alivyoanguka Kombe la Dunia? Lakini wasichana wa nini, moyo wa mwanamke ni mgumu, wanaoanguka uwanjani ni wanaume.

Nyar Nyakach: Mgumu?? Mamangu anauza omena soko la Kibuye. Siku moja akaketi kando ya debe lake, jasho linamtiririka, anasema taya inamuuma na mwili umeisha nguvu. Kliniki wakampa dawa ya vidonda vya tumbo wakamrudisha nyumbani, hakuna hata aliyemshika mapigo, kwa sababu mkono wake haukuwa kifuani. Ilikuwa moyo. Hayo maneno yako ndiyo yanatuzika.

Jamaa wa Kondele: Pole dada, lakini mimi naongea wanariadha, sio wamama wa soko.

Nyar Nyakach: Wamama wa soko ndio walikulipia karo.

Section 58: Jamani. Foé ilikuwa Kombe la Mabara, 2003, Lyon, dakika ya 72. Misuli ya moyo ilikuwa imenenepa, na huo ugonjwa mara nyingi ni wa kurithi. Mzazi akiwa na jeni ya huo ugonjwa, yaani chembe ya urithi inayouleta, kila mtoto ana nusu kwa nusu ya kuipata, haichagui msichana wala mvulana. Kweli wavulana ndio huanguka zaidi wakicheza, lakini wasichana hugunduliwa wakiwa wamechelewa.

Nesi wa Nakuru: Na ECG yenyewe haisomwi sawa kwa msichana na mvulana. Kuanzia balehe moyo wa mwanamke hukawia kidogo kujiandaa kwa pigo linalofuata, sasa kama amerithi jeni inayorefusha huo muda, hata erithromaisini, ile dawa ya kuua bakteria, ya kununua tu dukani inaweza kumwangusha. Mimi nauliza kila msichana: kuna mtu kwenu alizimia ama akafa ghafla akiwa mdogo?

Jamaa wa Kondele: Kwani nimesema wanawake wasitibiwe? Nina mabinti wawili.

Nyar Nyakach: Basi wapeleke wapimwe.

Kocha Kakamega: Tafadhali, mkutano ni Ijumaa, hiyo ECG italipwa na nani?

Section 58: Kondele kwanza aombe wamama wa soko msamaha.

Jamaa wa Kondele: Nilisema pole. Soma juu.