ATI "SI ALIENDA NACHO"??? Hawa watu wa bima wamenimaliza leo

Kijana_wa_Kaloleni:
Wadau nimetoka Upper Hill saa hii natembea kwa miguu mpaka tao, maana nikipanda matatu na hizi hasira nitapigana na makanga bure. Ni wale watu wa bima. Mnawajua, siwataji, wale wa tangazo la familia inacheka kwa nyasi na meno meupe pe. Hao hao.

Mamangu alienda Hamburg kumsaidia dada yangu na mtoto mchanga. Visa ya Schengen, ile ya kuingia nchi za Ulaya kama Ujerumani, haitoki bila bima ya safari ya angalau euro 30,000, hiyo ni sheria, na sheria yenyewe inataka bima igharamie matibabu ya dharura na kulazwa hospitali kwa dharura. Tukanunua hapa hapa Nairobi, tukalipa pesa yote, ejenti akatuapia mama hana haja ya kuogopa kitu. Haya. Mama akashikwa na tumbo saa nane usiku, dada akapigia ile laini ya dharura iliyoandikwa kwa kadi, ikaita weee mpaka ikajikata, kumbe laini ya dharura inafungwa saa kumi na moja jioni!!! Yaani dharura nayo ina saa za kazi. Dada akapiga 112, ambulensi ikaja, madaktari wakasema ni kidole tumbo na kimevimba kinataka kupasuka, wakamfanyia upasuaji usiku huo huo. Mungu ni mkubwa, mama yuko hai.

Kleimu ikakataliwa. Nikaandika rufaa. Leo wakaniita. Sasa sikizeni hapa vizuri.

Jamaa wa kaunta, tai imenyooka, hata hajainua macho kwa kompyuta, ananiambia "ugonjwa huu ulikuwepo kabla ya bima kuanza." Namuuliza ulikuwepo aje na mama hajawahi kulalamika tumbo maisha yake yote? Akaniangalia. Na hii watu wote kwa foleni wamesikia, kuna mzee hata alishika kofia. Akasema: "Kwani hicho kidole tumbo alikipata Ujerumani? Si alienda nacho?"

SI ALIENDA NACHO.

Mamangu alienda pia na figo zote mbili. Alienda na moyo, na maini, na meno. Kwa hivyo bima yao inalipa tu kiungo ulichonunua eapoti ukishuka ndege??

Halafu nikauliza rufaa inaendelea aje. Ati mama aje mwenyewe asaini fomu. Yuko Hamburg na mshono mbichi! Ama alete barua ya kuniruhusu yenye muhuri wa ubalozi, na ubalozi wetu uko Berlin, apande treni na mshono. Ati ripoti za daktari ziko kwa Kijerumani kwa hivyo zitafsiriwe na mtafsiri aliyeapishwa, na tulipe sisi. Ati tungeomba ruhusa KABLA ya upasuaji. Tungemwomba nani, ile laini iliyolala? Na hospitali kule inataka pesa yake, na dada ndiye alisaini karatasi ya kumdhamini mama kwa Wajerumani, sasa halali, ana mtoto mchanga na bado anahesabu euro usiku.

Hayo yote ningemeza. Lakini mtu anazungumzia mwili wa mamangu mbele ya foleni nzima, "si alienda nacho"? Sijawahi kudharauliwa hivyo na mtu ninayemlipa.

Shosho_wa_Ruaka:
Pole sana mwanangu. Mama anaendeleaje lakini? Mwambie asibebe huyo mtoto kwanza, na maji mengi. Hao watu Mungu anawaona.

Mbogi_ya_Kayole:
hahahaha "alienda nacho" nimecheka mpaka bosi amegeuka. Lakini mkuu ukweli usemwe, alienda nacho

Kijana_wa_Kaloleni:
@Mbogi_ya_Kayole wewe ngoja mamako aumwe uone kama utacheka.

Mbogi_ya_Kayole:
Mamangu yuko Kitui na kidole chake, haendi nacho popote

Wakili_Bila_Ofisi:
Kaka, usirudi kwa kaunta tena, mambo ya mdomo hayasaidii. Dai barua ya kukataliwa, na waandike ni kifungu gani cha mkataba wametumia. Kuwa na kiungo si kuwa na ugonjwa, waonyeshe ni lini mama aliugua au kutibiwa hicho kitu kabla ya kusafiri. Mwambie dada amwombe daktari wa huko aandike kuwa ulikuwa uvimbe wa ghafla. Atafute pia rekodi za simu yake, zionyeshe alipigia laini yao usiku ule na haikushikwa, hapo ile hoja ya ruhusa inaanguka. Wakikataa tena peleka malalamiko kwa maandishi kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, wako Zep-Re Place, karibu na Mara Road, hapo hapo Upper Hill. Weka nakala ya kila kitu.

Kijana_wa_Kaloleni:
Asante sana wakili, nitafanya hivyo. Lakini umesoma alichoniambia? Mbele ya watu? SI ALIENDA NACHO???

Mbogi_ya_Kayole:
Tumesoma mkuu. Sote tumesoma

Nesi_Mstaafu:
Nimefanya wodi ya upasuaji miaka mingi. Kidole tumbo kinaweza kuvimba umri wowote, leo uko sawa kesho uko mezani. Kikipasuka usaha unamwagika tumboni na mtu anaweza kufa. Nani anangoja ruhusa ya ofisi? Huyo wa kaunta aje wodi siku moja asikie mtu akilia.

Prof_wa_Githurai:
Kwa wasiojua, Ujerumani ndiyo ilianza bima ya afya ya lazima kwa wafanyakazi mwaka 1883, enzi za Bismarck, kansela wao. Kwa hivyo mama ameugua kwa wenyewe.

Mbogi_ya_Kayole:
Prof, na Bismarck naye alienda nacho?

Mama_Tatu:
Nyinyi mnalia na Schengen, sisi wa hapa nyumbani je? Tangu Oktoba 2024 tumetolewa NHIF, ile bima ya afya ya serikali ya zamani, tukapelekwa SHA, ile mpya, asilimia 2.75 ya mshahara inakatwa kila mwezi kabla hujaiona, halafu napeleka mtoto hospitali fulani Eastlands naambiwa sistimu iko chini. Kila siku sistimu iko chini!! Nikalipa mfukoni.

Fundi_Umoja:
@Mama_Tatu hiyo hospitali naijua, mlinzi mwenyewe ndiye anakwambia sistimu iko chini kabla hujafika geti

Mama_Tatu:
HUYO HUYO! Mwenye redio!

Kijana_wa_Kaloleni:
Jamani tunaongea mambo ya mamangu hapa.

Dada_wa_Doha:
Bima afadhali. Mimi shirika la ndege lilinipotezea sanduku nikirudi Nairobi likizo, ndani kuna nguo za harusi ya mdogo wangu, wakanilipa kwa kilo. KWA KILO. Sare za wasimamizi zimepimwa na mizani ya viazi.

Fundi_Umoja:
Eeh! Na harusi ikaendaje?

Dada_wa_Doha:
Tulivaa leso sote, na picha zilitoka vizuri kuliko tulivyopanga, lakini hiyo si hoja.

Shosho_wa_Ruaka:
Leso ndio vazi. Weka picha tuone.

Mbogi_ya_Kayole:
Weka picha

Kijana_wa_Kaloleni:
Mtu aniambie basi mtafsiri wa Kijerumani aliyeapishwa nampata wapi hapa tao na bei ni ngapi, kesho asubuhi naingia kazini.

Prof_wa_Githurai:
Leso kwa asili ni neno la Kireno.

Fundi_Umoja:
Prof tafadhali. @Dada_wa_Doha hao wa ndege uliwafuata wapi, kuna ofisi ama ni kuandika imeili tu? Shemeji yangu sanduku lake limeenda Addis wiki jana na halijarudi.